Aliyekaa Nyuma ya Meza Hana Kazi Mfukoni

Kila maonesho ya ajira yana kona yake moja, aghalabu karibu na mlango wa ukumbi au chini ya mwembe kama mahema yamepigwa nje, ambako vijana husimama na bahasha za kaki wakijifanya wanasoma vipeperushi. Wamepiga pasi mashati, wamepaka viatu rangi, wamebadili daladala mara mbili kutoka Gongo la Mboto au Tegeta, na sasa wamekwama hatua kumi kutoka kwenye banda lililowatoa nyumbani. Wanasubiri foleni ipungue. Foleni ikipungua wanasubiri mwenye banda amalize kunywa maji. Akimaliza wanakumbuka kwamba hawajapiga picha kwenye bango la mlangoni. Saa nane mchana wanarudi nyumbani na kalamu mbili za bure na mfuko wa kitambaa wenye nembo ya benki.

Hao ndio ninaowaandikia. Na sitawaambia wajiamini, maana sijamwona mtu aliyejiamini kwa kuambiwa ajiamini.

Nimekaa nyuma ya meza hizo nikimwakilisha mwajiri, na jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni kwamba yule mtu mnayemwogopa hana kazi mfukoni. Kampuni hutuma pale maofisa wa utumishi, mara nyingi wa ngazi ya kati, na mfanyakazi mmoja au wawili kutoka idarani. Wametumwa kuitangaza kampuni, kukusanya CV na kujibu maswali. Nani ataajiriwa huamuliwa ofisini, baada ya tangazo, maombi, mchujo na usaili. Kwa upande wa serikali jambo hili liko wazi zaidi. Nafasi nyingi za utumishi wa umma Tanzania huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule ambao kila mhitimu anaujua kwa jina la Ajira Portal. Ofisa wa wizara anaweza kukupenda kama mwanawe, lakini barua ya ajira hana uwezo wa kukuandikia pale bandani.

Woga mwingi wa maonesho hutokana na kukosea hapo. Mtu anafika kwenye meza ya plastiki iliyotandikwa kitambaa akidhani ameingia chumba cha usaili, kwamba dakika tatu zijazo ndizo zitakazoamua kama ada aliyolipiwa na shangazi ilikuwa na maana. Mzigo huo hauna mtu wa kuubeba, na meza ile haikukutwisha. Unachoweza kuondoka nacho pale ni kidogo na kinapatikana: jina la mtu, njia sahihi ya kutuma maombi, na habari mbili tatu ambazo hazikuandikwa kwenye tangazo. Kwamba wanapokea wa mafunzo tarajali mara mbili kwa mwaka. Kwamba matawi ya mikoani yana upungufu ambao Dar es Salaam haina. Kwamba cheti fulani wanakitaka sana na shahada ya pili haiwashughulishi. Ukipata moja tu kati ya hayo, nauli yako imerudi.

Sasa tuzungumzie mwili, kwa sababu kujua haya yote hakuuzuii moyo kudunda. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hukimbia, mdomo hukauka, viganja hulowa, na tumbo hukoroga kwa kuwa damu inapelekwa kwenye misuli. Mwili haupambanui kati ya nyoka na meneja wa benki. Hali hiyo haiondoki kwa kukemewa, lakini inapungua ukiifahamu njia. Mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo kila unapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta kunasaidia. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya saba au nane, na urudie mara kadhaa ukiwa kwenye foleni. Hakuna atakayejua unafanya nini.

Asubuhi ya maonesho kula. Chapati na maharage, mihogo, chochote ulichozoea. Siku hiyo si ya kujaribu chakula kipya. Njaa ikikutana na woga, mikono hutetemeka maradufu. Kahawa nzito na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viache kwanza, kwani kafeini huongeza mapigo ya moyo na wewe tayari unayo ya kutosha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lina ushahidi. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba mbele ya wengine, kuhutubia, au kufanya hesabu chini ya shinikizo la muda. Waliojisemea kwamba wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie au waliojisemea kwamba wana hofu. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Hofu na shauku zote hukimbiza moyo. Kuutoa moyo mbioni na kuuketisha ni kazi kubwa, ila kuzipa mbio hizo jina jingine hakuhitaji nguvu. Basi ukiwa foleni usijikaripie kwa kusema “tulia, tulia.” Jisemee kwa sauti ya chini, “Nina hamu ya kuongea na hawa watu.” Utajiona mjinga mara ya kwanza. Sema hivyo hivyo.

Na ukidhani kwamba watu wote wanauona mtetemeko wako, sikiliza kisa hiki. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye kwa vijana wale ilikuwa aibu kumvaa, kisha akaingizwa chumbani walimokaa wenzake. Aliyevaa alikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha ile. Walioiona kwa kweli walikuwa kama robo. Miaka mitatu baadaye Gilovich na Kenneth Savitsky walionesha jambo lililo karibu zaidi na letu: wanafunzi walioelezwa mapema kwamba woga wao hauonekani kwa watazamaji kama wanavyodhani walihutubia vizuri kuliko ambao hawakuelezwa.

Nami kutoka nyuma ya meza naongezea yangu. Ofisa aliyeketi pale tangu saa tatu asubuhi anawaza miguu yake, chaji ya simu yake na kama chakula cha mchana kitafika. Jasho lako halioni. Dar es Salaam mwezi wa pili kila mtu analowa, hata yule wa benki mwenye koti. Anachokiona ni kama umekuja na jambo la kuzungumza au umekuja kumuuliza, kama waliokutangulia wote, “Samahani, mnaajiri?”

Hapo ndipo wengi hukwama, na sababu yake naiona katika malezi kuliko katika elimu. Sisi tumefundwa kwamba mtoto mwenye adabu hajisemi. Mkubwa akiongea unasikiliza, ukiulizwa unajibu kwa kifupi, na anayejisifia mbele za watu anaitwa mwenye majivuno. Ni malezi mema na simwombi mtu ayatupe. Lakini kijana aliyelelewa hivyo akiambiwa “tueleze kuhusu wewe” anaona anaombwa afanye kitu cha aibu mbele ya mtu mzima. Anakimbilia mahali salama: jina, kijiji, shule ya msingi, shule ya sekondari.

Namkumbuka dada mmoja wa uhasibu aliyefika mezani kwetu sauti ikimtetemeka na bahasha imelowa pembeni. Nilipomwomba ajieleze alianza vile vile: amezaliwa wilaya gani, ni wa ngapi kwa mama yake, kasoma wapi hadi kidato cha nne. Mwenzangu akaanza kupanga vipeperushi. Nikamkatiza kwa upole.

“Umewahi kushika hesabu za mtu yeyote?”

Akanyamaza, kisha akasema kana kwamba anaungama, “Za VICOBA ya mama tu.”

“Wako wangapi?”

“Thelathini. Walikuwa wanaandika kwenye daftari, kila mgao wanagombana. Nikawahamishia kwenye Excel. Mgao wa Desemba tulimaliza siku hiyo hiyo, hakuna aliyeondoka analia.”

“Ulijuaje kwamba hesabu zimekaa sawa?”

“Nililinganisha na zilizokuwa sandukuni na zilizokuwa kwenye simu ya mweka hazina. Palikuwa na elfu kumi na mbili haionekani. Tukaipata, ilikuwa faini iliyoandikwa mara mbili.”

Mwenzangu aliacha vipeperushi. Sauti ya yule dada iliendelea kutetemeka mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyejali. Hakujisifu hata kwa neno moja. Alisimulia kazi iliyofanyika. Hiyo ndiyo njia ya mwenye adabu kujieleza, na haimvunjii mtu heshima yake. Waachie wengine maneno kama “mchapakazi,” “mbunifu” na “ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo,” ambayo yako kwenye kila CV nchini na hayamwambii mtu chochote. Wewe sema ulichofanya, kwa nani, kikatoka nini.

Kila mtu ana VICOBA yake. Pengine ulikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi na ukawadai watu ahadi zao mpaka zikatimia. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mwenye kuiweza anaweza kukusanya madeni ya kampuni yoyote. Pengine umekaa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha cha kaka yako likizo nzima na kila jioni salio lilifunga. Pengine mafunzo kwa vitendo ulifanyia halmashauri, ukapewa chumba kilichojaa mafaili na kuambiwa yapange. Kaa chini siku mbili kabla, tafuta kisa kimoja cha namna hiyo, na ukitengeneze mpaka kiingie kwenye sentensi tatu nne.

Kabla ya kisa, toa jina na unachosoma. Baada ya kisa, uliza swali. Mfano: “Naitwa fulani, namaliza shahada ya ugavi mwezi wa saba. Nilipokuwa mafunzoni kwenye bohari ya hospitali ya wilaya niligundua dawa zinaisha muda wake kwa sababu zilizotangulia kuingia zilikuwa zinawekwa nyuma, tukabadili mpangilio. Nimeona ninyi mnasambaza dawa mikoani. Kwenye bohari zenu mnawaanzishia kazi gani wahitimu wapya?” Sema maneno hayo kwa sauti, nyumbani, umesimama. Kuyasoma kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu kinachokausha mdomo ni kuyatamka. Mwombe mdogo wako akae kwenye kiti awe ofisa. Watoto huuliza maswali magumu kuliko maofisa.

Lakini usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akikatizwa katikati hupotea njia nzima. Shika vituo, siyo maneno.

Kuna woga mwingine ambao watu huuona lakini hawautaji, nao ni Kiingereza. Tumesoma sekondari na chuo kwa lugha hiyo, tukaishi kwa Kiswahili, na siku ya maonesho tunajikuta tunapima kila sentensi kabla haijatoka. Ushauri wangu ni wa vitendo. Andaa kile kisa chako kwa lugha zote mbili. Ukifika salimia kwa Kiswahili, kisha usikilize unavyojibiwa na ufuate lugha hiyo hiyo. Ukijibiwa kwa Kiingereza na neno likakukimbia, litaje kwa Kiswahili uendelee. Waajiri wengi hapa huchanganya lugha siku nzima na hawataona ajabu. Wapo wanaokaza Kiingereza hata pale ambapo kazi yenyewe ni kuongea na wakulima wa Kilombero, na binafsi naona ni ulimbukeni, ila hatuwezi kuwabadilisha asubuhi ya maonesho. Ukikutana nao, ongea taratibu kwa sentensi fupi. Makosa madogo ya sarufi husamehewa. Kasi ya kukimbilia mwisho ndiyo inayomchosha msikilizaji.

Na salamu yenyewe? Wengi wamekwama hapo, utaona mtu amefungua mdomo akafunga. Mtu mzima dhahiri, wa umri wa wazazi wako, mpe shikamoo yake bila wasiwasi. Ofisa wa miaka thelathini na kitu ukimwamkia shikamoo mbele ya wenzake unaweza kumzeesha bila sababu; “Habari za kazi?” inatosha na haina hatari. Mkono usiunyooshe wewe kwanza. Yeye akiunyoosha upokee, na kama kwa imani au desturi zako hushikani mikono na wa jinsia nyingine, weka kiganja kifuani na utabasamu. Kwetu Pwani hilo linaeleweka na halihitaji maelezo.

Mazoezi ya kweli yako nje ya nyumba. Watanzania tuna bahati ambayo hatuitumii. Kila mwaka kuanzia Juni 28 hadi Julai 13 viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, hujaa mabanda ya Sabasaba, na mwezi unaofuata Nanenane huwa Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya na kwingineko. Watu waliosimama kwenye mabanda yale kazi yao ni kuulizwa maswali. Wamechoka kuona watu wanapita wakichukua kalamu. Nenda kwenye banda la VETA umuulize fundi mashine ile inafanya nini. Nenda kwa watu wa hifadhi ya jamii uulize mtu aliyejiajiri anachangiaje. Kama ni mhandisi, uliza kwenye banda la Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuhusu ule mpango wao wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahitimu. Kama ni mhasibu, watafute NBAA uulize mitihani yao inakwendaje. Huombi kazi, kwa hiyo hakuna cha kukunyima. Ukizunguka mabanda kumi kwa kiingilio cha Sabasaba, la kumi na moja litakuta ulimi wako umelegea. Nalinganisha na kujifunza kuogelea: anayeanzia kwenye kina cha kiuno, siku ya mkondo mkali atajishukuru.

Siku ya maonesho yenyewe fika mapema. Saa tatu mabanda hayajachoka na ukumbi hauna kelele. Saa sita utapiga mayowe ili usikike. Chagua meza tatu au nne ulizosoma habari zake, na usianzie ile unayoitaka kuliko zote. Anza na ambayo hata ukiboronga hutakosa usingizi. Ya pili utakuwa umepata sauti yako. Ya tatu ndiyo uiendee ile ya moyo.

Usiende kundi. Najua kundi linatia nguvu, lakini nyuma ya meza ninachokiona ni watu watano wamesimama, mmoja anaongea, wanne wanachungulia simu, na wakiondoka simkumbuki hata aliyeongea. Njooni pamoja, gawaneni mlangoni, mkutane kwenye kivuli baada ya saa moja kupeana habari. Mtagundua mmekusanya mambo mengi kuliko mlivyotarajia, na kila mmoja kasema kwa kinywa chake.

Akili ikiganda, maana inaganda hata kwa wabunge, usijaribu kuificha kwa kubwabwaja. Sema, “Samahani, nimepoteza nilichotaka kusema,” kisha chungulia karatasi. Ndiyo, nenda na daftari dogo lenye maswali yako. Hakuna mwajiri anayemdharau mtu aliyekuja na maswali yaliyoandikwa; kwa kawaida ndiye tunayemkalisha kiti. Maswali mazuri ni yale ambayo tovuti ya kampuni haijibu. Muulize aliye mbele yako yeye mwenyewe alianzia wapi, na kwa nini waombaji wengi huishia kwenye mchujo wa kwanza. Hilo la pili watu huliogopa, nami nawahakikishia ndilo ninalopenda kulijibu, kwa sababu jibu liko moyoni kwa miaka na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mshahara usiuulize pale. Si dhambi, ni kwamba aliye mezani mara nyingi haruhusiwi kuutaja, na utamfunga mdomo kwa mengine.

Kuondoka nako kunatia watu woga. Wapo wanaobaki wamesimama mazungumzo yakiwa yameisha, wakitabasamu, hawajui wapite wapi. Ukiona nyuma yako kuna foleni au ofisa ameanza kuangalia pembeni, maliza wewe: “Asante sana kwa muda wako. Naomba jina lako na barua pepe nikuandikie.” Andika palepale, umsomee ulichoandika ili usikosee herufi. Kisha nenda. Ukifika pembeni ongeza mstari mmoja wa mlichozungumza, kwa sababu baada ya mabanda manne utachanganya.

Mavazi hayahitaji hotuba. Yawe safi, yakutoshe, na viatu uwe umeshavivaa siku nyingine. Viatu vipya vya kuchuchumia au vya ngozi ngumu vitakufanya uwaze vidole vyako badala ya mazungumzo. Shati la mikono mirefu na suruali vinatosha, gauni la heshima vilevile, kitenge kilichoshonwa vizuri pia. Koti la kuazima linalokupwaya liache kwa mwenyewe. CV iwe kurasa mbili, nakala kumi hivi, na vyeti halisi viache nyumbani. Hakuna anayevihitaji pale na bahasha ikisahaulika kwenye daladala utalia mwaka mzima.

Jambo moja la tahadhari, kwa kuwa mwenye woga huwa hapendi kukataa. Mtu akikuita pembeni na kukuambia kuna nafasi ila inatakiwa “hela ya fomu” au “ya vipimo,” ondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mtafuta kazi gharama yoyote, na mwajiri makini hakuuzii fomu ya maombi. Huna haja ya kubishana naye wala kumwomba radhi.

Niwakumbuke pia ambao woga wao si wa maonesho peke yake. Kama hata kuingia dukani kununua vocha kunakutoa jasho, kama umekuwa ukikwepa watu kwa miezi na usiku hulali, pumzi na sentensi tatu hazitakutosha na huna sababu ya kujilaumu. Vyuo vina washauri wa wanafunzi, na hospitali kama Muhimbili ina idara ya afya ya akili inayowahudumia watu wa namna hiyo kila siku ya kazi. Hofu ya watu inatibika. Nenda ukaonane nao kabla ya maonesho yajayo.

Sasa usiku wa siku ya maonesho, ukishavua viatu, andika. Hapa ndipo wengi waliofanya vizuri bandani hupoteza, kwa sababu woga uliowaacha mchana hurudi jioni ukisema, “Utamsumbua tu.” Humsumbui, alikupa anwani kwa hiari yake. Ujumbe uwe mfupi: “Habari za jioni. Mimi ni yule mhitimu wa ugavi tuliyezungumza leo kuhusu bohari. Asante kwa kunieleza kwamba mnaanza na wasaidizi wa ghala. Nimeambatisha CV yangu, na nitafuatilia tangazo la mwezi wa tisa kama ulivyonishauri.” Usiongeze shida za nyumbani, usiweke aya tano za kushukuru. Katika jumbe tunazopokea baada ya maonesho, zenye kutaja jambo mahususi lililozungumzwa ni chache mno, na hizo ndizo tunazozikumbuka nafasi ikitokea. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili. Asipojibu tena, daftarini bado una majina matatu; andikia hao.